Rangi ya Nywele na Hesabu ya Mjukuu

Mwenzangu, acha unachofanya usome hii.

Ile rangi ya nywele tunayopakana mimi na wewe, usiiguse tena. Imwage!

Unamjua mjukuu wangu, yule ambaye kazi yake ni kuiuliza kompyuta kemikali itamfanya nini mtu kabla hajaitumia. Leo nimemkuta sebuleni akimwambia mama yake kwa simu, "Mama, acha ile rangi, kompyuta inaonyesha huenda ikaharibu ini."

Mama yake kaambiwa! Mimi juzi mjukuu huyo huyo kanipaka kwa mikono yake, huku akiniimbia!

Nikamuuliza, "Na mimi je?"

"Bibi, nilijua hata kabla ya juzi, ila madhara yenyewe huchukua miaka ishirini kujitokeza. Nikaona nisikutie wasiwasi bure."

Miaka ishirini! Umesikia? Kompyuta haikusema bibi asiambiwe. Ni yeye, niliyemlea tangu anatambaa, ndiye aliyepiga hesabu akaona sitafika.

Nikamtegea, "Kitendawili: anakuchana nywele na amekwisha kukuzika." Hata mji hakunipa.

Sasa analia jikoni, eti alinionea huruma. Huruma gani hiyo, ya kumhurumia marehemu anayepumua?