Moshi Nyuma ya Paa Lako

Kwako dada yangu mpendwa,

Kwa heshima nakuarifu kwamba mwili wangu u salama, ila roho haitulii. Jana niliwapitisha watalii barabara ya pwani, kati ya bahari na mawe meusi yaliyotapikwa na mlima. Mmoja akapaza sauti, "Dereva, simama bwana! Kijumba kile na moshi nyuma yake, picha safi kabisa!"

Nikasimama. Kijumba ni chako.

Ardhi inatetemeka, nawe wasema huhami kwa kuwa kuku wanatamia. Kesho naja na gari tupu. Kuku na mayai yao watakalia viti vya watalii. Ukikataa tena, nitazima injini na kuketi nawe hapo hapo.

Mdogo wako, mtiifu isipokuwa katika hili,
Dereva