Kwa Kiplangat, Kuhusu Mtamba na Kiendelezi

Ndugu yangu mkubwa Kiplangat,

Kwa unyenyekevu, na mbele ya wakazi wote wa Kimulot, waliopo na wanaojifanya hawapo, ninatangaza kwamba kiendelezi kimeingia kwenye kompyuta. Hakuna aliyepiga makofi. Mama alikuwa anakama, akauliza kama hiyo ndiyo ile kitu iliyokutoa jicho. Nikasema ndiyo. Akaendelea kukama.

Hupokei simu zangu tangu uhamie Narok, kwa hivyo naandika, tena wazi, kwa sababu waliokupiga pia wanajua kusoma.

Unakumbuka siku ulipoileta hii mashine kutoka Kericho ndani ya gunia la mbolea? Ilichukua nusu saa kuwaka, na siku nyingine ulilazimika kuipiga makofi mawili ubavuni. Ukaniambia, "Usifunge kitu yoyote hapa ndani. Ikilala haiamki." Nilishika neno hilo kama amri ya kanisa. Nikaiunganisha na betri ya lori ili stima ikipotea isizime, na kwa miaka minne sikufunga hata programu moja.

Humo nilijifundisha kazi, kwa kukosea. Chama cha wafugaji kilipotaka orodha ya ng'ombe, niliitengeneza mimi. Mtamba wetu mweusi alipozaliwa ulisimama zizini ukipaza sauti nami nikiandika: "Jike. Mweusi. Nyota kwa paji. Mama yake ni Silver. Andika vizuri, huyu ni wa mahari yangu."

Halafu mtamba wa Bett, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, akapotea. Alikuwa mweusi pia, mwenye nyota. Wanaume wakapiga mayowe, wakashika rungu, wakafika zizini kwako na kumkuta wetu, sikio limeraruka, hereni ya namba imebaki kwenye waya wa ua mahali tusikojua. Wizi wa ng'ombe kwetu hauna mahakama ndefu. Ukawaambia, "Huyu ako kwa kompyuta ya ndugu yangu. Mkaulize."

Ndiyo maana walikuleta kibandani kwangu, mbele ya kompyuta hii, saa tisa mchana, umefungwa mikono kwa kamba ya mtamba.

Wiki hiyo chama kilikuwa kimehamishia orodha kwenye hifadhidata ya aina nyingine. Programu ninayofanyia kazi haiwezi kuongea na hifadhidata ngeni mpaka uiwekee kiendelezi chake, kama daktari mgeni anavyohitaji mkalimani. Nilikuwa nahangaika nacho tangu asubuhi. Nakiweka, nafungua orodha ya aina za hifadhidata, jina lake halipo.

"Toa huyo ng'ombe tuone," Bett akasema, akielekeza rungu kwenye skrini.

"Anakuja, mzee."

"Anatoka wapi?"

Nikamwambia kuna kitu hakijaingia. Mmoja akakupiga gotini. Nikakitoa kiendelezi, nikakiweka tena. Jina halipo. Wakaupiga mkono wako, nikausikia ukivunjika, mlio mdogo tu, kama kuni mbichi.

"Kijana, hiyo mashine yako imeshikwa na aibu?" akauliza mmoja wao, yule fundi wa baiskeli, na watu wakacheka, damu yako ikiwa juu ya gumbuti zao za mpira.

"Ni bando," nikasema. "Mtandao uko chini."

"Basi na yeye tumweke chini."

Nikakitoa, nikakiweka mara ya tatu. Tukazoeana hivyo: mimi nabonyeza, wao wanapiga, kisha sote tunangoja. Uliniita kwa jina la utotoni. Sikugeuka, nilikuwa nasoma skrini. Pigo la jicho lilikuwa la Bett mwenyewe, na alilipiga bila hasira, kama mtu anayegongea msumari wa ua. Tayari kulikuwa na aliyetumwa petroli ya kuchomea nyumba yako.

Kisha binti ya Bett akafika akihema. Mtamba wao ameonekana, amekwama kwenye mtaro wa shamba kubwa la majani ya chai, mzima. Wakakufungua, kwa sababu walihitaji kamba ya kumvuta. Mmoja alibaki nyuma akaniuliza kama bado naandika barua za kuomba kazi.

Hospitalini uliniangalia kwa lile jicho moja. "Ulikuwa unangoja nini?"

"Mtandao," nikasema. Ukageukia ukuta, na tangu siku hiyo hujaniambia neno.

Bett hunisalimia kanisani kwa mikono miwili. Nimeshamchagulia vifo vingi, vingine vikihusisha rungu lake mwenyewe, vingine mashine ya kukata majani. Hadi sasa anaendelea vizuri, na juzi alitoa ushuhuda. Namtazama kisogo wakati wa maombi, napima. Halafu namkumbuka aliyekuwa amekaa kitini siku ile, mikono yote miwili ikiwa mizima, na kisogo chake ni changu.

Mtamba wako ana mimba. Wakwe waliuliza kama bado uko. Mama amekataa mtu yeyote kulala kwenye nyumba yako. Rudi, hata kama ni kunipiga. Mlango nitauacha wazi na sitasema ni mtandao. Lakini usirudi kabla ya kujua hili. Wiki iliyopita betri ya lori ilikufa na mashine ikazimika. Niliipiga makofi mawili ubavuni. Ilipoamka nikafungua programu, na jina la ile hifadhidata lilikuwa pale, na chini yake mtamba wako, jike, mweusi, nyota kwa paji, mama yake Silver.

Nikatafuta kumbukumbu ya siku ile, maana programu huandika saa ya kila kinachowekwa. Kiendelezi kiliingia mara ya kwanza saa tatu asubuhi, saa sita kabla hawajakuleta. Kilihitaji tu nifunge programu na kuifungua tena.

Mdogo wako