Amana ya Sauti Thelathini na Mbili

Mwaka umetimia, mke wangu, tangu Mola alipokuita asubuhi ya Ijumaa, ukaacha miwani yako juu ya karatasi za utafiti.

Hata sasa nikirudi kutoka msikitini hutoa salamu mlangoni kwa mazoea. Kuta hazikufundishwa kuitika.

Ulikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na mmoja, na shuka za nyumbani ulizitandika kwa mkono wa wodini, pembe zimekazwa barabara. Nikikuuliza, "Bibi, ninalala au ninafungwa kama barua?" ulinijibu, "Mgonjwa hana shauri na kitanda, Mwalimu." Sasa najitandikia mwenyewe, asubuhi shuka iko sakafuni.

Ulistaafu wodi, hukustaafu wauguzi. Ulizunguka hospitalini na kinasa sauti mkobani, ukiwauliza juu ya ile kazi waifanyayo isiyoingia kwenye faili la mgonjwa: kumshika mkono anayekata roho, kumpa mzazi habari ambayo daktari ameikwepa, kisha kujifuta machozi chooni na kurudi zamu. Wakakuita Bi Maswali. Thelathini na wawili walikufungulia vifua vyao, kwa sharti kwamba utafiti ukikamilika sauti zao zifutwe.

Mwenzako wa chuoni, uliyefanya naye utafiti huo, ameikamilisha kazi. Muuguzi mmoja alipokuja kunijulia hali aliniinamia sikioni: "Mzee wangu, mimi bado nimo kwenye kile kidude? Maana nilimsema matroni, na bado ni matroni wangu!" Tulicheka, ila mimi nilicheka nusu. Mle ndimo ilimobaki sauti yako pia, wala hatuna nyingine.

Nikiri mbele yako: mwaka mzima, kila baada ya alasiri, nilikisikiliza kinasa hicho. Nilisikiliza mwanzo tu wa kila mahojiano, pale usemapo wewe. Muuguzi akivuta pumzi ajibu, nazima. Kama hilo nalo ni kosa, nisamehe, nao wanisamehe.

Binti yetu aliniomba, "Baba, tubakishe moja tu. Nani atajua?"

Nami niliitamani hiyo hiyo moja. Nikamwekea mwanzo wa mahojiano ya mwisho. Ukasema, "Sema bila hofu, mwanangu. Nimekupa neno langu."

Akakivuta kinasa karibu yake. "Basi, Baba. Soma namba za mahojiano, nifute."

Jumatatu iliyopita tulizifuta sauti zote, mimi nikisoma, yeye akibonyeza. Wauguzi wako walisome hili watulie: amana yao imelindwa. Nyumba imekuwa kimya, Bibi, nasi tumekutii.

Tunaokukumbuka ni mimi mumeo, binti yako na mumewe, dada yako mkubwa, wauguzi wenzako, wajukuu zako wawili, na huyu wa tatu aliyezaliwa baada yako, ambaye itatubidi kumsimulia ulivyokuwa ukizungumza.

Mola akurehemu. Maadamu tungali na pumzi, hutoki mioyoni mwetu.