Glasi Niliyoikataa Siku ya Posa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kuna neno sijamwambia mtu yeyote, na nikitanguliza salamu zote nitaogopa kulifikia. Siku ya posa ya Dada Riziki sikumkataa Omari. Niliikataa soda.

Sasa ndiyo nakuuliza hali. Mguu wa Bibi umepoa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku bara hainizoei.

Mama, kabla ya likizo, Chebet wa kidato cha nne alituapisha bwenini tusinywe soda ya Rahatele tena. Kampuni yake inavuta maji ardhini hata visima vya wanakijiji walio jirani na kiwanda vimekauka. Niliapa kwa moyo wote. Mtu mwenye jamaa Kinango hafunzwi dhiki ya maji.

Kisha wakaja wageni kutoka Diani, na makreti ya Rahatele. Shangazi yake Omari akanimiminia mimi kwanza, maana kwetu mdogo wa anayeposwa ndiye huonjeshwa, na akikataa ni posa imekataliwa. "Pokea, mwanangu, shemeji yako huyo amekuletea." Nikaiweka glasi mkekani. "Sinywi." Basi. Hoja zote nilizipata kwa Kiingereza, na wanijua, nikitazamwa na watu watatu ulimi wanifia. Siku ile walikuwa ukumbi mzima.

"Mtoto hasemi bure," akasema shangazi. "Kuna alijualo. Haya, tumeshajibiwa." Wakainuka, hata pilau haijapakuliwa.

Juzi Dada alipiga kwa simu ya matroni. "Misi, Omari umemwona na nani? Niambie tu, sitalia." Nyuma yangu wasichana wamepanga foleni, wanasikiliza. Nikalia mimi. Akasema, "Basi, nimeelewa. Ijumaa nairudisha pete aliyonipa kabla ya posa." Akakata.

Na huku nilipigiwa makofi! "Mwanamisi kagoma mbele ya wakwe!" Chebet akanisimamisha juu ya kitanda kama bibi harusi. Sikumwambia kilichofuata. Nyinyi mna nusu ya jambo, wao wana nusu. Zima ninalo peke yangu, na limenishinda kulibeba.

Habari ya visima bado naiamini. Lakini ningeweza kusema, "Shangazi, naomba maji." Maneno matatu tu, Mama.

Ustadhi wetu anashuka Pwani kesho na barua hii. Tafadhali msomee Dada kabla ya Ijumaa, kisha mpelekeeni nayo shangazi yake Omari. Mwambieni nikija nitamwomba radhi mwenyewe, na hayo maji nitayapokea kwa mikono miwili.

Msalimie Baba, na Bibi, na mjomba wa Shimoni. Dada sithubutu kumsalimu. Msomee tu.

Mwanao anayejuta,
Mwanamisi

Nasikia ndara za Chebet zaja mlangoni. Kila alipopita mtu nilikuwa nikiifunika karatasi hii kwa kitabu cha Kemia. Kitabu nimekiondoa. Naye asome, aipate nusu yake ya pili.