Maoni Kuhusu Ukurasa wa Arobaini na Moja

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu Wino,

Pokea salamu zangu. Habari za huko, na za hilo tumbo lako usilolilisha? Sisi hatujambo, isipokuwa mgongo wangu unaoilalamikia cherehani, na macho ya Baba, ambayo sasa yamezima kabisa. Daktari amesema tusijisumbue kurudi. Nakuandikia barua kwa sababu simu humu ndani ni sawa na kipaza sauti. Macho ya Baba yameondoka, masikio yamebaki yote.

Kitabu chako cha Asiyeungua kimefika. Nilipoona jina lako kwenye jalada nililia, kisha nikamfokea mteja aliyetaka kujua nalilia nini. Baba anataka nimsomee picha. Umewahi kumsomea kipofu katuni wewe? "Hapa Asiyeungua anaruka. Hapa bado anaruka." Ijumaa Shangazi alikuwepo pia, na machungwa yake, kama anavyofanya kila Ijumaa tangu mumewe afe kwenye ule moto wa kiwanda cha sabuni. Watu huniuliza ni shangazi wa upande gani. Nawajibu ni wa upande wa aliyetuosha na kutulisha Mama alipofariki, yatosha.

Baba alijitambua upesi. Mtu anayetoka kwenye kiwanda kinachowaka amebeba wafanyakazi watatu, atakuwa nani mwingine? "Huyo ni mimi," akasema, "ila mimi sikuwahi kuwa na kifua hicho." Shangazi akacheka hadi akapaliwa. Basi tukafika ukurasa wa arobaini na moja, pale shujaa anapofunga mlango wa chuma ili moto usiwafikie wanawake wa chumba cha kufungashia, na rafiki yake amebaki ndani. Nikawaeleza: mlango umejaza ukurasa mzima, mkono wa shujaa uko kwenye komeo. Baba akasema inatosha kwa leo.

Tangu hapo kila asubuhi, kabla hata ya uji, ananiuliza, "Watu wanasemaje kuhusu ukurasa ule?" Mimi nitajuaje? Tutumie maoni ya wasomaji wako, ndiyo habari pekee anayoitaka sasa.

Dada yako


Tarehe 27 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe na Baba shikamoo yangu, na pole ya macho. Mimi mzima, nakula, usinianze.

Kitabu kinakimbia kuliko sisi tuliokitengeneza. Wamekichapisha mara ya nne. Jana nimemwona mtu mzima, na kitambi chake, amevaa vazi la Asiyeungua, kasimama kwenye foleni ya benki bila aibu yoyote. Maoni yamezidi elfu nne. Nilimwomba katibu wa ofisi akuchapie arobaini ya kwanza, nayo haya hapa. Sijapata nafasi ya kuyasoma yote, kwani wahariri wamenikalia kooni wanataka kitabu cha pili.

Jambo moja tu, Dada. Usiyasome Shangazi akiwepo. Sababu nitakueleza siku nyingine.

Mdogo wako


Tarehe 22 Machi

Wino,

Hujambo? Sisi tupo tu.

Onyo lako nililiona, lakini bahasha ilifika siku ya Ijumaa, Shangazi kashakaa, na Baba kashasikia karatasi inachanika. "Soma," akasema. Ningemwambiaje mama wa watu atoke nje kwa ajili ya katuni? Nikasoma.

Wa kwanza: "Picha nzuri, hadithi ya hovyo. Moto haumuunguzi mtu huyu hata unywele. Kwa nini hakuingia kumtoa rafiki yake?" Wa pili: "Huyu si shujaa, ni bawabu." Wa tatu alisema alimpenda hadi ukurasa wa arobaini na moja, kisha akampa jirani kitabu na kumwambia asikirudishe. Nikadhani mbele kutakuwa na nafuu. Nafuu haikuja. Arobaini nzima, labda watano ndio waliomtetea, na mmoja kati ya hao alikuwa anasifu viatu vyake.

Baba aliniambia nimrudie yule wa kwanza. Nikamrudia mara tatu.

Kisha Shangazi naye akatoa yake, huku anamenya. "Mimi ule mlango ningemsamehe," akasema. "Moto ni moto. Lakini amekwenda kwa mke wa rafiki yake, amekula chakula chake, akamwambia mlango ulijifunga wenyewe. Hapo ndipo nilipomchoka." Ni kweli, ukurasa wa sitini, tuliousoma Ijumaa nyingine, umemchora hivyo. Baba hakusema kitu. Chungwa alilopewa Baba lilibaki mkononi hadi maji yakamtiririkia kwenye kiwiko.

Tangu siku hiyo uji haumalizi. Jana ameniamuru niondoe ukutani kile cheti cha ushujaa alichopewa na kiwanda. Umemfanya nini Baba? Nijibu, na usinizungushe.

Dada yako


Tarehe 11 Aprili

Dada,

Shikamoo. Kaa chini kwanza, na barua hii uisome peke yako.

Mlango wa kiwanda haukujifunga. Baba aliufunga. Aliniambia siku ile naondoka, miaka tisa sasa, tumekaa juu ya sanduku langu tukisubiri basi. Alikuwa ameshawatoa wale watatu. Kofia, mume wa Shangazi, alibaki kwenye chumba cha kuchemshia mafuta, na moto ulikuwa unakwenda upande wa wanawake sitini na kitu. Unamkumbuka Kofia wa Shangazi, na ile kofia yake ya sufu asiyoivua hata kwenye joto lile. Baba alisema Kofia mwenyewe ndiye aliyepiga kelele kutoka ndani: "Funga!" Basi akafunga. Akaniapisha nisimwambie mtu.

Miaka tisa nimetembea na neno hilo, Dada. Nikafikiri nikilichora, watu wasiotujua watalisoma na kumsamehe, nami nitamtumia msamaha huo kwenye bahasha. Nikampa ngozi isiyoungua ili wampende zaidi. Haikunijia kwamba mtu asiyeungua hana kisingizio cha kufunga mlango. Nimemvisha Baba kilemba cha ukoka, na sasa dunia nzima inamvua.

Nimekuwekea maoni mengine kumi na mawili, mapya. Msomee hayo.

Mdogo wako


Tarehe 3 Mei

Wino, we mjinga.

Salamu utazipata mwishoni kama nitakuwa bado nazo.

Nilimsomea Baba hayo kumi na mawili. Matamu yote, yanashinda asali. Nikasema moyoni, hatimaye. Nilipomfikia yule wa tisa nikasoma hivi: "Asiyeungua hana kosa, kwani aliyekuwa ndani mwenyewe alimpigia kelele akimwambia afunge."

Baba akasema, "Rudia." Nikarudia. Akauliza, "Kitabuni lipo hilo?" Nikapekua kurasa zote za mlango, mbele na nyuma. Halipo. Rafiki yule hasemi neno kitabuni, hata haonekani. "Basi huyo msomaji ni mwanangu," Baba akasema. Akacheka kicheko ambacho sijawahi kukisikia kwake, kisha kicheko kikageuka kilio, na mimi nimesimama na karatasi zako mkononi.

Sikiliza sasa. Kofia hakusema "funga." Alisema "ningoje." Alisema mara mbili. Baba anasema alikuwa umbali wa hatua nane, labda tisa. "Nilimdanganya mwanangu," akaniambia, "ili nipate mtu mmoja wa kunitetea. Naye amekwenda kuutetea uongo wangu kwa watu."

Anataka kumwambia Shangazi Ijumaa hii. Nimemsihi, hataki kusikia. Anasema kila Ijumaa chungwa linamkwama. Barua hii itakufikia mambo yameshakwisha, nalijua hilo. Nakuandikia tu kwa sababu sina mwingine wa kumwambia kwamba naogopa.

Dada yako


Tarehe 20 Mei

Dada,

Kama bado, mzuie. Nakuomba kwa jina la Mama. Ni mzee, ni kipofu, mwache aondoke na jina lake. Shangazi amempa miaka thelathini ya Ijumaa, atazifanya nini akisikia hivyo? Nitakuja mwezi wa saba nikimaliza kitabu hiki cha pili. Nitamwambia mimi, hata kwa magoti.

Mdogo wako


Tarehe 2 Julai

Mdogo wangu,

Habari za msiba ulizipata kwa simu, sitazirudia. Ulisema hukupata ruhusa. Nina neno kuhusu hilo, ila si leo.

Nilikuficha kwenye simu yaliyotangulia. Ijumaa ile Baba alivaa shati jeupe na kujifunga vifungo mwenyewe, kimoja kikaruka tundu. Akamwambia Shangazi yote, mlango na neno. Shangazi hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Alilisema kwa sauti gani?" Baba akajibu, "Ya kawaida. Kama mtu anayefunga kamba za viatu."

Shangazi akaweka kisu chini. Akakusanya maganda yake yote, hata lile lililoangukia chini ya kiti, akaondoka. Nusu chungwa ilibaki kwenye sahani. Sikuthubutu kuitupa hadi ikakauka.

Ijumaa iliyofuata Baba akaomba lile shati. Nikamkalisha kuelekea mlangoni tangu saa nane mchana. Akasikia kila aliyepita nje. Hivyo hivyo Ijumaa tano. Ya sita hakuweza kuinuka, na Jumapili akafariki. Shangazi hakuja kuzika. Nilimtafuta kwa macho, Wino, nilimtafuta hadi udongo unamwagwa. Moyo wangu ulimchukia, nakwambia ukweli, kisha ukakosa sababu ya kumchukia.

Wiki iliyopita amekuja. Hakuleta machungwa. Akaomba kitabu, akakiweka magotini, akaniambia nimfungulie ukurasa ule. "Mlango nilishaujua siku ile uliponieleza," akasema. "Sikuzaliwa jana. Niliendelea kuja nikingoja aniambie mwenyewe, na jibu langu lilikuwa tayari, jibu zuri. Neno ndilo sikulijua." Akapitisha kiganja juu ya ukurasa kama anayenyoosha kitambaa. Akauliza, "Yuko wapi?"

Nikasema, nani?

"Mume wangu. Yuko wapi hapa?"

Nikamwambia yuko nyuma ya mlango.

"Watu elfu nne," akasema, "wamegombana juu ya huyu mwenye kifua. Hakuna aliyeuliza wa ndani alikuwa na sura gani. Hata ndugu yako, ambaye alikuwa akipanda mabegani kwake." Akatoa kwenye pochi kitambulisho cha kazi cha Kofia. Mpiga picha alimlazimisha kuvua kofia, ndiyo picha pekee ya kichwa chake. "Mwambie amchore. Hayo ndiyo maoni yangu, awapelekee wakubwa wake."

Kitambulisho hicho nimekiweka humu. Hana kingine. Ukikipoteza usirudi nyumbani.

Dada yako


Tarehe 9 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu. Kitambulisho nakirudisha, nimekizungushia kadibodi mbili.

Nimemchora Kofia mara kumi na saba. Asiyeungua nilimchora kurasa mia tatu bila kumtazama mtu yeyote, huyu mmoja amenishinda mkono. Nilipanda mabegani kwake kweli, nikakumbuka sufu ya kofia inavyowasha, lakini uso sikuwa nao. Nimeutoa kwenye hiyo picha kidogo kidogo. Amesimama ndani ya chumba cha kuchemshia mafuta, kabla ya moto, anafunga kamba za viatu.

Niliupeleka ukurasa kwa wahariri. Wao wanataka rafiki arudi hai katika kitabu cha pili, ana mkono wa chuma na anataka kulipiza kisasi, kwa sababu wasomaji wengi wameomba hivyo. Wakautazama ukurasa wangu wakasema, msomaji atauliza huyu ni nani. Nikawaambia, aulize. Hatukuelewana. Nimewaachia shujaa wao na meza yao.

Baba alinisubiri hata mimi, si Shangazi peke yake. Nalijua hilo, huna haja ya kuniandikia. Ukurasa ni wa Shangazi. Akisema lolote kuhusu Baba, nieleze. Asiposema, usimuulize.

Mdogo wako


Tarehe 30 Agosti

Wino,

Pole na kazi. Rudi nyumbani, cherehani ya pili ipo na mikono yako haijawahi kuogopa uzi.

Nimempelekea Shangazi ukurasa. Alivaa miwani, akasogea dirishani, akautazama hadi chai niliyopewa ikapoa. Kisha akasema, "Sikio la kushoto lilikuwa dogo kuliko la kulia. Hapa ameyafanya sawa." Nikamweleza kwamba kwenye kitambulisho muhuri wa kiwanda umelifunika sikio hilo, usingeweza kujua. Akaomba penseli. Akalirekebisha mwenyewe, polepole, akikandamiza hadi karatasi ikatoboka kidogo.

Tukaubandika ukutani kwa pini zangu za kushonea, mbele ya kiti chake. Kuhusu Baba hakusema kitu. Kuhusu wewe pia hakusema kitu. Sikumuuliza.

Nikaaga. Nilipofika mlangoni nikashika kitasa niurudishe nyuma yangu, kama mtu yeyote anavyofanya akitoka kwa watu. Akaniambia niuache wazi. Nikauacha.

Dada yako