Mfungo wa Marselino

Kambi ya Wafanyakazi, Geita
Jumapili, Agosti 1953

Kwa dada yangu Generosa, Mama Ngassa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Jilala, na Ngassa na wadogo zake, na wale ng'ombe waliosalimika na kiangazi. Sisi huku hatujambo kwa kiasi chake. Nasema kwa kiasi chake kwa sababu masista walitufundisha kuanza kila barua kwa kusema sote wazima, na mimi nimechoka kuandika uongo kwenye mstari wa kwanza.

Barua yako niliipata juzi kwa mkono wa dereva wa lori la pamba, ikiwa imelowa mafuta upande mmoja lakini inasomeka. Umeniuliza Marselino alifungaje mpaka kifua kikafunguka. Umesema shemeji amesikia habari zake kwa watu waliorudi kutoka mgodini, naye ameacha dawa zake zote, na sasa anangoja barua yangu tu aanze na yeye kufunga bila chakula wala maji. Niliisoma kwa sauti mbele ya Marselino. Alifurahi sana. Aliniambia nimwandikie mwanyumba wake Jilala kila kitu, tangu siku ya kwanza, nisiruke jambo. Basi sitaruka. Lakini nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujamwambia shemeji neno.

Unajua kifua cha Marselino kilivyoanza, maana kilianza pamoja na cha shemeji, wakati wote wawili walipokuwa wakitoboa miamba chini. Shemeji alikuwa na akili, akarudi kwenye mtama wake. Huyu wa kwangu alibaki kwa ajili ya baiskeli, halafu kwa ajili ya mabati, halafu kwa sababu mtu akikaa mahali miaka mingi huona haya kuondoka. Mwaka jana akawa hawezi kupanda kile kilima cha kisimani bila kusimama njiani na kujifanya anatazama mandhari. Alikwenda akapimwa, akapewa dawa ya chupa, akainywa mpaka chupa ikawa ya mwanetu Januari kuchezea. Kikohozi kilibaki palepale.

Aliyeleta habari ya kufunga ni Pantaleo, mume wa Paskalina, jirani zetu wa mlango wa tatu. Kazi yake ilikuwa kinuni, mahali mawe yanaposagwa na kuoshwa kwa maji, na kila mara aliingia na patasi kubandua tope lililoganda kwenye mifereji. Siku moja alikaa kwetu akasema amefikiri sana. Vumbi likiwa kavu, alisema, hata mtoto anaweza kulipuliza likaondoka. Likikutana na maji ni tope, na tope likikaa linarudi kuwa jiwe, yeye mwenyewe analivunja kwa nyundo. Sasa sisi tunavuta vumbi kutwa, tukitoka tunakunywa maji, tunajijengea ukuta kifuani kwa mikono yetu. Mtu akijinyima maji kabisa, kifua kitakauka, na vumbi litatoka kwa kukohoa. Ajinyime na chakula pia, kwa sababu ugali nao una maji yake.

Usicheke dada. Wale ni wachimbaji, wanajua mawe kuliko wanavyoijua miili yao, na kila aliyekuwapo aliitikia. Hata mimi niliona yana maana. Mfa maji haachi kutapatapa, na mume wangu alikuwa anazama mbele ya macho yangu mahali pakavu.

Aliyepinga alikuwa mmoja tu, Mama Sikujua, mama mmoja Mwislamu wa Tabora anayeuza vitumbua hapa kambini. Alikuja na bakuli lake kiunoni akawauliza wanaume kama wamekuwa wakubwa kuliko Mungu. "Hata Mungu aliyetuamuru kufunga alituwekea magharibi ya kufuturu," alisema. Walimcheka. Pantaleo akamwambia yeye aangalie mafuta yake yasiungue.

Marselino aliomba ruhusa kazini akaanza Jumatatu. Aliniapisha kwenye rozari ya marehemu mama yetu kwamba sitampa hata tone, hata akilia. Niliapa. Siku ya kwanza alikuwa anatania, ananiambia nimshukuru kwa kubana matumizi. Mimi na Januari tulikula kwa Paskalina ili asisikie harufu. Siku ya pili utani ulikwisha. Alikaa ukutani kwenye kivuli, kichwa kinamgonga, anatazama mtungi wa maji kama anavyotazamwa mtu mliyegombana naye. Aliniambia niutoe nje. Mkojo wake ulikuwa mchache na mwekundu kama chai iliyochemka sana. Alipenda hilo, alisema ni uchafu unatoka. Kikohozi kilipungua, na hilo nalo tulilipenda, kumbe hakuwa na nguvu za kukohoa.

Siku ya tatu midomo ilipasuka na ulimi ukawa mweusi. Akiongea, maneno yalikuwa yanashikana. Baada ya hapo sikuhesabu vizuri. Alilala sana mchana, na bati lile la kambi linavyowaka unalijua. Lakini siku moja asubuhi, ulipokuwa mwisho wa juma, aliamka mwenyewe, akakaa kitandani, akasema mate yamerudi na kifua kimefunguka. Aliomba uji mwepesi. Alitoka nje akishika ukuta, na wanaume waliokuwa wanakwenda zamu wakasimama wakampigia makofi. Nililia kwa furaha, kweli kabisa, siwezi kusema sikulia.

Kwa wiki kadhaa alikuwa mtu mwingine. Alipanda kilima cha kisimani moja kwa moja bila kupumzika. Leo naona kwamba ni kwa sababu alikaa nje ya vumbi siku zile zote, lakini nani angelisema hilo wakati ule? Watu walianza kuja. Walitoka Bugarama, mmoja alitoka mbali mpaka Chato, wanakaa kwenye mkeka wetu wanamuuliza, na yeye anawaeleza taratibu kama katekista. Dada, hakuwahi kuheshimiwa hivyo maisha yake yote. Mtu ambaye kazini anaitwa kwa namba akawa anaitwa mwalimu.

Ndipo Pantaleo naye akaanza. Yeye aliyeileta habari hii alikuwa amengoja kwanza aone kwa mwenzake. Alifunga mlango, akamwapisha Paskalina kama nilivyoapishwa mimi, na Marselino alikuwa anakwenda kila jioni kukaa naye na kumtia moyo, akimwambia kwamba yeye amevuka na Pantaleo atavuka. Hakuvuka. Alikufa siku ya nne mchana, mdomo wazi. Tulimzika Kalangalala. Marselino alisema makaburini kwamba ndugu yetu alichelewa kuanza, tope lilikuwa limeshaganda. Watu walikubali, na Jumapili iliyofuata mkeka wetu ulijaa vilevile.

Sasa dada, nimefika kwenye lile ambalo Marselino hakulijua aliposema nisiruke jambo.

Marselino hakufunga bila maji. Ile siku ya tatu mchana alianza kuongea Kisukuma na mama yake aliyekufa, anamwita mayu, mayu, anamwomba amfungulie mlango. Macho yalikuwa wazi lakini hakuniona. Niliapa, ndiyo, na rozari ilikuwa pale ukutani. Nilitoka nje kwenye mtungi, nikachovya pembe ya kanga yangu, nikarudi nikaikamua kati ya midomo yake. Aliinyonya kama Januari alivyokuwa ananyonya. Nikachovya tena, na tena. Tangu hapo, kila alipopotea usingizini nilifanya hivyo, kesho yake kwa kijiko, na siku ya mwisho maji yale yalikuwa na chumvi kidogo na sukari. Akiamka nilikuwa nimeshakausha kidevu chake. Aliposema mate yamerudi, nilijua yametoka wapi. Nilinyamaza, kwa sababu alikuwa hai na alikuwa anacheka, na nilifikiri siri hiyo haimdhuru mtu.

Kisha Pantaleo akiwa ndani siku ya tatu, Paskalina alinijia kisimani. Aliniuliza kama ulimi wa Marselino nao ulikuwa mweusi. Nikamwambia ndiyo, ulikuwa mweusi. Akaniuliza kama alikuwa anaongea na wafu. Nikamwambia ndiyo. Halafu akaweka ndoo chini, akanishika mkono.

"Mama Januari, wewe uliwezaje kuvumilia?"

Nilimwambia, "Nilisali."

Ndivyo nilivyomjibu, dada. Ndoo za maji zilikuwa katikati yetu, zimejaa. Nilikuwa naogopa kwamba akijua atamwambia Pantaleo, na Pantaleo atamwambia Marselino, na mume wangu atachekwa na kambi nzima, na kifua chake kitaona hakina tena cha kushika. Paskalina aliondoka akaenda kusali. Alishika kiapo chake kwa sababu aliamini mimi nilishika changu. Kesho yake nilisaidia kumwosha mumewe, na Paskalina akanishukuru.

Kikohozi cha Marselino kimerudi. Kimerudi na damu, anaificha kwenye kitambaa na mimi nakifua kitambaa hicho nikijifanya sioni. Anasema kiangazi hiki atafunga tena, safari hii siku nyingi zaidi.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili. Mpe shemeji maji. Mpe uji, mpe maziwa ya ng'ombe wako, mpe akiwa macho na wewe umekaa mbele yake. Usimfiche kama nilivyofanya mimi. Kama atakataa, msomee barua hii yote, hata mahali panaponiaibisha, na umwambie hakuna mtu aliyevuka. Aliyevuka alinyweshwa, na asiyenyweshwa tumemzika. Kifua chake huenda hakitapona, dada, sikudanganyi, lakini asife na kiu juu ya hayo.

Nilikuwa nataka kuishia hapo na kufunga bahasha. Marselino alikuwa amekaa nje mlangoni na Januari, na akaniuliza kama nimeshafika kwenye sehemu ya siku ya tatu, kwa sababu hiyo ndiyo ngumu, na mwanyumba wake lazima aelezwe vizuri. Nikaona siwezi kukuambia wewe uliye Shinyanga nikamwacha yeye aliye mlangoni. Nikaweka kalamu, nikamtuma Januari kwa Mama Sikujua, nikakaa chini nikamwambia. Sikubakiza kitu, nikamwambia na habari ya kisimani.

Nilidhani atanipiga. Hajawahi kunipiga, lakini leo nisingemlaumu. Alitazama mikono yake. Kisha akasema, "Basi Pantaleo alifunga peke yake."

Alichukua kata, akanywa maji, akavaa shati lake la kanisani na kufunga vifungo vyote mpaka cha shingo. Nilimwuliza anakwenda wapi ingawa nilijua. Aliniambia nibaki, kwamba yeye ndiye aliyekuwa anakaa na Pantaleo kila jioni, kwa hiyo ni yeye wa kwenda kusema. Ni milango mitatu tu, lakini alisimama njiani mara mbili kukohoa.

Nisalimie shemeji kwa heshima zote, na wanangu wote, na mama mkwe wako umwambie namkumbuka. Tuombeane. Ukipata nafasi ya kuja, njoo, wala usilete kitu.

Nimalize sasa. Nasikia Paskalina ameanza kulia, dada. Analia kama alivyolia siku ile, tangu mwanzo, kama vile Pantaleo amekufa leo.

Ni mimi mdogo wako,
Euphrasia