Fundo la Kamba ya Goli

Jumatatu, 4 Machi

Wanaubomoa uwanja! Wiki ijayo, eti pawe stendi ya mabasi. Nimesikia dukani, nikasahau hata chenji yangu. Uwanja wetu! Kila nyumba ilitoa mtu wa kuujenga, na marehemu mume wangu ndiye aliyepima magoli. Na nani anashika rekodi pale? Mwanangu! Mabao thelathini na moja msimu mmoja — hajatokea mwingine wala hatatokea.

Kapiga simu. Atakuja na timu yake yote ya zamani, wacheze mara ya mwisho. Na wajukuu! Nimeshautangazia mtaa mzima.

Jumanne, 5 Machi

Jana hiyo hiyo tuliiandikia halmashauri barua uwanja uachwe. Leo kaja mkaguzi na kipimo chake cha chuma. Goli la upande wa shule ni pana kuliko inavyotakiwa — kwa futi moja na nusu! Kasema uwanja haukufaa tangu siku ya kwanza. Barua imeishia hapo.

Fundi cherehani kacheka mpaka kashika ukuta. "Mama Straika! Kumbe mwanao alikuwa anafunga kwenye geti la lori?" Nikamwambia, na suruali zako zinavyopwaya, nani alikuja kukukagua? Watu hoi. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote. Nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu, basi.

Jumatano, 6 Machi

Ngoja niliandike. Mume wangu hakukosea. Alipiga fundo kwenye kamba: kutoka ncha hadi fundo ndio upana wa goli. Goli la kwanza wakalichimbia jioni. Mimi nikalifungua lile fundo, kamba nianikie nepi — za mwanangu huyu huyu, alikuwa na miezi minne. Asubuhi nikalipiga fundo upya. Kwa kukadiria! Wakachimbia la pili, la upande wa shule. Nikaona aibu kusema. Halafu mtoto akakua, akafunga, akafunga... ningesemaje?

Thelathini na moja. Sijui mangapi yalipita kwenye futi na nusu yangu.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefagia nyumba.

Ijumaa, 8 Machi

Hawakungoja wiki ijayo. Goli la upande wa shule ndilo wameanza nalo. Milingoti imelala kwenye tope, tingatinga limeegeshwa palepale. Nimemwomba dereva siku mbili tu. Kasema, mama yangu, mimi natumwa.

Jioni mwanangu kwenye simu — furaha hiyo! Gari wameshakodi, jezi zimefuliwa. Anataka awapige wanawe picha kwenye goli lake, lile la upande wa shule. "Lakini lipo, mama?"

Nilikuwa uani naanua nguo. Kamba ni ile ile.

Nikasema lipo, baba. Lipo.

Kasema basi hakuna anayebaki, hata golikipa wao mwenye mguu mbovu. Wanakuja wote Jumapili.